Siku Niliyomuuza Bi Ndevu

Nimeuza midoli ya mitumba Mchikichini miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuuza kitu cha mtu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nikijisemea kila nilipotaka kujiona bora kuliko wenzangu sokoni. Wapo wanaoficha doa kwa kukunja nguo upande wa pili, wapo wanaoapa kwa mama zao kwamba kiatu hakijawahi kuvaliwa. Mimi, Hyasinta, nafua midoli yangu kwa sabuni, nashona macho yaliyolegea, nawajaza pamba waliopwaya, ndipo nawapanga mezani. Nilijiona mtu safi sana. Kumbe nilikuwa sijajaribiwa tu.

Bi Ndevu ni kikaragosi cha mbuzi jike. Unaingiza mkono, kidole gumba kwenye taya la chini, vidole vingine juu, na anaanza kusema. Ndevu zake ni za katani, macho yake ni vifungo vya koti la mzungu, na mdomo wake kwa ndani ni kitambaa chekundu. Kama ulikuwa mtoto hapa Dar miaka ile televisheni zilipoanza kuingia majumbani, unamjua. Kila Jumamosi saa kumi jioni kulikuwa na kipindi cha behewa kuukuu la treni lililotupwa pale Gerezani, ambalo huruka bila reli wala injini. Ndani yake wamo Bi Ndevu na vikaragosi wenzake watatu. Huenda chini ya bahari kumtafutia pweza kiatu cha nane, huenda mwezini kuazima ngazi, na safari yoyote haianzi mpaka Bi Ndevu apige kwato na kusema: "Fungeni mlango, fumbeni macho, tunaenda!"

Sisi hatukuwa na televisheni. Baba alikuwa ametoka Masasi na kitanda na redio tu, basi nilikuwa nachungulia dirishani kwa jirani. Nilifumba macho kila alipotuambia tufumbe. Nilipofumbua nilikuta wenzangu wamenisukuma, sioni kitu, na bado nilifumba tena Jumamosi iliyofuata.

Aliyekuwa na mkono ndani ya Bi Ndevu ni Mzee Khalfani. Alikuwa seremala wa Gerezani, na kazi ya vikaragosi alifundishwa na mama mmoja wa Ayalandi aliyeitwa Nora. Huyo Mama Nora alipokuwa binti, kwao, alishona mavazi ya vikaragosi wa kipindi cha watoto chenye behewa la kukokotwa na farasi, nalo linaruka na kuzunguka dunia. Alipokuja kujitolea Dar akakuta behewa bovu na seremala mcheshi, akaona kazi imejileta. Koti lake mwenyewe ndilo lililokuwa ngozi ya Bi Ndevu. Mama Nora alirudi kwao, kipindi kikafa, vikaragosi wengine wakaliwa na nondo. Akabaki Bi Ndevu, kwenye mfuko wa kanga, chini ya kitanda cha Mzee Khalfani.

Haya yote niliyajua kwa sababu mzee alikuwa hakosi Mchikichini. Kila alasiri alikuja kucheza drafti na Shukuru, muuza viatu ambaye meza yake imepakana na yangu. Shukuru ni mtu mzima mwenye wajukuu, maneno yake machache, na akishika kiatu kukisugua unaweza kudhani hasikii mnachosema. Walicheza kwa vizibo vya soda, mzee akipiga kelele za wawili.

Jumatatu moja mzee alinijia na ule mfuko wa kanga.

"Hyasinta mwanangu, jicho la Bi Ndevu limelegea na mdomo umeachia. Wewe ndiye mwenye mkono mwepesi hapa."

Nilimtoa mbuzi mfukoni, na nusura nifumbe macho. Nilitaka kuingiza mkono, nikaona haya. Mzee akacheka, akamvaa yeye.

"Sikiliza, iko sheria. Aliiweka Mama Nora tangu siku ya kwanza karakanani. Bi Ndevu akiwa mkononi kwangu, mimi sipo. Ukiwa na neno, unamwambia yeye, na unamjibu yeye. Hata tukiwa tumegombana, hata nikiwa nadaiwa kodi. Haya, msalimie."

"Shikamoo Bi Ndevu," nikasema, mwanamke mzima wa miaka thelathini na tatu.

"Marahaba, mjukuu," akajibu mbuzi kwa ile sauti ya puani. "Unishone vizuri, nisije nikatafuna sindano."

Shukuru alicheka mpaka akaangusha brashi. Mimi nilimshona jioni ile ile, nikamfua ndevu zake kwa mkono, na Jumanne asubuhi nikamwanika kwenye kamba juu ya meza akauke. Hapo ndipo kosa lilipoanza, maana kwenye kamba ile ile huwa natundika midoli ninayoisifia.

Sasa, kwa msiofanya biashara, ngoja niwaeleze jambo. Mteja wa kwanza wa asubuhi haachwi aende mikono mitupu. Mama yangu aliuza vitumbua maisha yake yote na alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusuka. Mteja wa kwanza akiondoka bila kununua, ameondoka na siku yako. Mpe kwa hasara, mpe kwa kubembeleza, lakini mpe. Pesa yake unaipitisha juu ya bidhaa zako zote, ndipo umefungua. Unaweza kucheka. Sokoni hatucheki.

Na mimi nilikuwa siku tatu sijafungua vizuri, mvua ilikuwa imetunyeshea wiki nzima. Jumanne hiyo nikamwona mama mmoja wa kama umri wangu, baibui jeusi, ameshika mtoto wa kike wa miaka mitano au sita. Nikamwita kwa jina la kila mteja.

"Karibu mamii, nifungulie biashara."

Mtoto hakutazama madubu wala sungura. Alikwenda moja kwa moja chini ya kamba, akainua mikono yote miwili.

"Mama, mbuzi."

"Huyo ana mwenyewe," nikasema. Nawaapia, nilisema. Nikamletea dubu mpya kabisa, akageuza uso. Nikamletea tembo wa kuimba, akaanza kulia kimyakimya, kile kilio cha mtoto aliyezoea kunyimwa.

"Basi Ummy, twende zetu," akasema mama yake, na akageuka.

Nilimwona akipiga hatua moja, ya pili. Kichwani nikasikia sauti ya mama na vitumbua vyake. Na hapo nikajidanganya kwa haraka kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote: hiki ni kitambaa tu, mzee hakitumii, miaka mingi kiko chini ya kitanda, nitashona kingine na hatajua tofauti. Nikamshusha Bi Ndevu kwenye kamba, ndevu bado mbichi, nikamfunga kwenye mfuko wa bluu. Mama Ummy akanipa bei aliyotaka yeye. Nikaipitisha ile noti juu ya madubu, juu ya tembo, juu ya nguo za watoto. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Alasiri mzee alifika mbio, kofia imekaa upande.

"Hyasinta! Wameniita! Jumamosi hii pale Mnazi Mmoja, tamasha la vitabu vya watoto. Wamebandika picha ya Bi Ndevu kuta zote. Wanataka safari moja tu, ya nusu saa. Miaka ishirini, mwanangu! Yuko wapi bibi mkubwa?"

Palikuwa na nafasi hapo. Ningesema, "Mzee, nimekosa, twende tukamtafute yule mama." Mteja alikuwa ametoka asubuhi tu. Lakini aliyesimama mbele yangu alikuwa na furaha ya mtoto, na mimi nilikuwa mtu safi wa Mchikichini.

"Ameibwa," nikasema.

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Ameibwa vipi?"

"Nilikwenda msalani, mzee. Niliporudi kamba ilikuwa tupu."

"Na meza ulimwachia nani?"

Kweli nilikuwa nimekwenda msalani asubuhi ile. Na kweli meza nilimwachia yule ninayemwachia siku zote. Sikumtaja kwa jina. Niliinua kidevu tu, upande wa meza ya viatu, ambako Shukuru alikuwa ameinama akisugua raba. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaondoka bila kucheza drafti.

Kesho yake, Jumatano, alipita akanisalimia mimi, akampita Shukuru kama amepita nguzo. Shukuru alikuwa ameshapanga vizibo. Alivitazama, akavikusanya kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kopo. Alhamisi hakuvitoa kabisa.

Mimi nikajitia kazi. Nilinunua koti la sufu, nikatafuta katani, nikashona mbuzi mwingine jioni mbili. Nilishona kwa bidii ya mtu anayefuta alama zake. Ijumaa baada ya swala nikampelekea mzee nyumbani kwake Gerezani, chumba chake kilicho nyuma ya karakana za vipuri. Alimpokea kwa mikono miwili. Akamvaa, akafumbua mdomo wa mbuzi, akaufumba. Akafumbua tena.

"Huyu bado hajanizoea," akasema hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe. "Si kosa lako. Umejitahidi, Hyasinta. Nilikuwa nimeshasema mji huu hauna watu tena. Mtu ambaye nimecheza naye drafti miaka kumi na moja ananifanyia vile, halafu wewe, hata si ndugu yangu, unaniletea hiki." Akanifungia kashata kwenye gazeti nikale njiani.

Nilizibeba kashata zile mpaka kituo cha mwendokasi. Sikuweza kuzila na sikuweza kuzitupa. Nilikuwa na aibu ambayo sikuijua kabla, ya kushukuriwa kwa kitu ambacho ukikisema utatemewa mate. Ningeweza kurudi, chumba chake kilikuwa nyuma yangu, hatua mia mbili. Basi lilikuja, nikapanda.

Jumamosi nilikwenda Mnazi Mmoja. Nilijiambia nakwenda kumpa moyo, lakini nadhani nilitaka kuona kama uongo wangu utasimama. Watoto walikuwa wamejaa kwenye majamvi, mzee amejificha nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa cheusi, na juu yake kuna behewa la maboksi. Mbuzi wangu akachomoza.

"Fungeni mlango," akasema, na mdomo ukakwama kwenye ile sufu ngumu. "Fumbeni macho..."

Watu wazima waliokumbuka walipiga makofi. Watoto walitazamana. Mzee alijaribu kichekesho, hakikushika. Akajaribu kuimba, taya likakwama tena. Safu ya nyuma wakaanza kuvutana nywele. Nilimsikia mzee akihema kule chini ya kitambaa.

"Huyo siye!"

Mtoto wa kike alikuwa amesimama katikati ya majamvi. Nilimjua kwa ile mikono iliyoinuliwa kabla sijamwona uso. Kifuani alikuwa amemkumbatia Bi Ndevu.

"Yeye ninaye mimi!" akasema Ummy. "Wa kwenye picha ninaye mimi!"

Mama yake alikuwa akimvuta akae, ameona haya. Mzee Khalfani akatoka nyuma ya meza na jasho lake. Akapita katikati ya watoto taratibu, akachuchumaa.

"Mama, samahani," akamwambia yule mwanamke. "Mlimpata wapi huyu?"

"Mchikichini, baba. Kwa yule dada pale." Akaninyooshea mkono, na kwa kunipamba akaongeza, "Alikataa kwanza, lakini nilikuwa mteja wake wa kwanza, akanionea huruma."

Mzee hakugeuka kunitazama. Kwa muda alikuwa akiitazama ile mishono yangu kwenye jicho la mbuzi. Kisha akamwomba Ummy ruhusa, Ummy akafikiri, akampa. Akaingiza mkono.

Na Bi Ndevu akaamka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Alipiga chafya, akakuna ndevu, akawatazama watoto kushoto na kulia, na Mnazi Mmoja ikanyamaza. Halafu akazunguka taratibu mpaka akanifikia mimi.

"Hyasinta!"

Iko sheria, na mimi nilikuwa naijua.

"Abee, Bi Ndevu."

"Nani aliniuza?"

Watoto wakacheka. Walidhani ndiyo safari yenyewe imeanza.

"Mimi," nikasema.

"Hawasikii huko nyuma!"

"Mimi, Bi Ndevu! Nilikuuza mimi!"

"Na yule muuza viatu je?"

"Hakuhusika. Hakugusa kitu. Nilimsingizia."

Watoto walikuwa wanavingirika kwa kicheko, na mimi machozi yalikuwa yakinitoka, nao wakaona machozi ndiyo yanachekesha zaidi. Kuna mtoto alininyooshea kidole akiwaambia wenzake, "Ona huyo anavyoigiza!" Nilitamani ardhi ya Mnazi Mmoja ipasuke.

"Ulinipeleka machinjioni?" akauliza mbuzi.

"Hapana."

"Uliniuza kwa mchoma mishikaki?"

"Hapana, Bi Ndevu."

"Basi nimekusamehe! Fungeni mlango, fumbeni macho..."

"Tunaenda!" wakapiga kelele mamia ya watoto, na behewa la maboksi likaruka. Walikwenda mpaka ndani ya wingu kutafuta mvua iliyopotea njia. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote nilizochungulia dirishani. Sikufumba macho hata mara moja.

Ilipokwisha, mama yake Ummy alisisitiza amrudishe. Mzee alikataa. Alimwonyesha mtoto pa kuweka kidole gumba, akamwambia kwamba mbuzi huyu hapendi kukaa chini ya kitanda. Kisha akaja nilipokuwa nimesimama, mikono yake mitupu.

"Bi Ndevu amekusamehe," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi bado."

Akaondoka kuelekea Gerezani, na mbuzi wangu wa sufu amebaki juu ya meza.

Jumapili kanisani sikusikia neno. Jumatatu niliwahi Mchikichini kabla ya wote ila Shukuru, ambaye alikuwa ameshaanza kupanga raba zake. Tulisalimiana kama kawaida, yaani mimi nikiwa nimeangalia pembeni. Nilikuwa nafungua kamba ya turubai nilipomwona Mzee Khalfani amesimama mbele ya meza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshafungua?"

"Bado."

"Basi mimi ndiye mteja wako wa kwanza." Akaweka noti juu ya meza, akaibonyeza kwa kidole. "Nasikia mteja wa kwanza hunyimi kitu."

"Ndiyo, mzee."

"Sitaki mdoli. Yale maneno uliyomwambia mbuzi, nenda ukamwambie mwenyewe. Na sauti iwe ile ile ya Jumamosi, maana pale mtu aliyechafuka hakuwepo. Ukimaliza, na mimi nina langu kwake. Salamu nilimnyima mimi, hukumnyima wewe."

Kutoka meza yangu mpaka ya Shukuru ni hatua nne. Nilizipiga. Wachuuzi walikuwa wameanza kufika, mama wa chai amesimama na chupa yake, na mimi nikasema kwa sauti mpaka upande wa mikoba wakageuka: nilimuuza Bi Ndevu mwenyewe, nikasema ameibwa, nikaacha kaka Shukuru aonekane mwizi. Nikasema nisamehe.

Shukuru hakuacha kusugua. Alimaliza raba ya kulia, akaichukua ya kushoto, akaikagua soli.

"Nilikuona, Hyasinta," akasema. "Nilikuona ukimfunga kwenye mfuko wa bluu."

Akaipuliza vumbi ile raba.

"Jumatano nikasema, leo atasema. Alhamisi nikasema, leo. Ijumaa nikakuona unapita na mbuzi mwingine kwapani, nikasema, basi."

"Kwa nini hukumwambia mzee?"

"Nani angeniamini? Kidevu chako kilikuwa kimeshanionyesha." Akaweka raba chini. "Na nilikuwa najua wewe si mtu wa hivyo. Nilikuwa nakungojea."

Mzee Khalfani alikuwa ameshafika nyuma yangu. Alivuta ndoo, akaketi, akavua kofia yake na kuiweka magotini. Niliwaacha. Nilipofika kwangu ile noti ilikuwa pale pale mezani. Sikuipitisha juu ya bidhaa. Niliikunja nikaiweka, na nyuma yangu nikasikia Shukuru anatikisa kopo la vizibo.